Kuchagua Pikipiki Ukiwa na Umri wa Makamo: Mwongozo kwa Mkazi wa Mombasa

Mtu wa Mombasa anapofikia umri wa kuvaa miwani ya kusomea, mara nyingi huwa ameshazihesabu saa alizozipoteza ndani ya gari, kwenye foleni ya kivuko cha Likoni au mbele ya Daraja la Nyali jioni, huku pikipiki zikimpita kushoto na kulia. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifikisha dukani nikiwa na miaka 49, baada ya kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kupanda pikipiki, na ndiyo iliyonifanya ninunue ile isiyonifaa. Nilichagua kama kijana anavyochagua: nilitazama injini, nikatazama rangi, nikasikiliza mlio. Miezi minne baadaye niliiuza kwa hasara na kuanza upya, na mwongozo huu ni utaratibu nilioufuata mara ya pili.

Utaratibu wenyewe umesimama juu ya jambo moja. Kijana huichagua pikipiki kwa namna inavyokwenda, ilhali mtu wa makamo anapaswa kuichagua kwa namna inavyosimama. Ikishashika mwendo, pikipiki nzima hujishikilia wima yenyewe na mpandaji huwa na kazi ndogo ya kuielekeza. Uzito wake humwangukia inapokuwa imesimama au inajikokota: kwenye taa za barabarani, kwenye mteremko wa kivuko, ndani ya kichochoro, na uani kwake anapoigeuza asubuhi. Hapo ndipo goti, kiuno na mkono hutumika, na hivyo vitatu ndivyo vilivyobadilika tangu tulipokuwa na miaka 25.

Neno makamo nalitumia kwa maana ya miaka 45 hivi hadi 60, na anayelengwa ni yule anayetaka pikipiki ya safari zake mwenyewe. Anayetaka kuingia katika biashara ya boda boda ana hesabu nyingine.

Hatua ya kwanza: Andika safari zako kabla ya kuingia dukani

Kwa muda wa wiki mbili, andika kila safari unayoifanya: unatoka wapi, unakwenda wapi, saa ngapi, unabeba nini na unampakia nani. Usiandike safari unazozitamani. Katika daftari langu la kwanza nilijaza Malindi na Taita, nikaja kugundua kwamba mwaka mzima ningekwenda Malindi mara mbili, ilhali kila siku ya kazi nilitoka Kisauni kwenda mjini na kurudi.

Njia zetu hazidai kitu kimoja. Anayeishi Nyali, Kisauni au Bamburi huvuka daraja, na katika miezi ya kusi, tangu Aprili hivi hadi Septemba, upepo wa baharini humpiga ubavuni, kwa hiyo pikipiki nyepesi mno iliyofungwa sanduku kubwa nyuma humyumbisha. Jambo hilo humpata pia anayetumia barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi upande wa kusini bila kupitia feri, kwa sababu madaraja yake yako wazi kwa upepo. Anayekwenda Changamwe, Magongo au Jomvu husafiri kando ya matrela ya bandarini, mahali penye mafuta yaliyomwagika juu ya lami, naye huhitaji breki nzuri na nguvu za kutosha kujitoa ubavuni mwa trela bila kusitasita. Wa Mji wa Kale huhitaji pikipiki inayogeuka mahali padogo, kwani vichochoro ni vyembamba na kabro huteleza baada ya manyunyu. Wa Kilifi, ambako ni karibu kilomita 60 kutoka kisiwani, anahitaji kiti kuliko anavyohitaji injini. Wa Likoni anahitaji wepesi na kiti cha chini, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: Pima mwili wako kwa ukweli

Anza na macho. Baada ya miaka 40 jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona vitu vya karibu, na jambo hilo peke yake halimzuii mtu kuona barabara, ila huenda asiweze kuusoma mshale wa mwendo au wa mafuta bila miwani. Linalotisha zaidi ni usiku. Jicho la mtu wa makamo huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la kijana, na aliyeanza kupata mtoto wa jicho huona taa za magari yanayomkabili zikitawanyika kama moshi mweupe. Nenda ukapimwe kabla ya kununua, na ukiambiwa uono wako wa usiku umepungua, panga kuwa mpandaji wa mchana na uchague ipasavyo.

Ikiwa una kisukari, mwombe daktari akupime nyayo kwa ule uzi mwembamba wa kupimia ganzi. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu uliokufa ganzi haujui umekanyaga kiasi gani. Kwa mtu wa namna hiyo skuta yenye breki zote mbili mikononi ni salama zaidi. Muulize pia kuhusu dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu na baadhi ya dawa za mafua na mzio huleta usingizi.

Halafu pima urefu wa mguu. Vaa viatu utakavyopandia, simama na mgongo ukutani, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja ukikibana juu kabisa, kisha mtu akupimie kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Toa sentimita tatu au nne, kwa sababu kiti kina upana na hukupanua miguu. Namba inayobaki ndiyo kimo cha juu kabisa cha kiti unachoweza kukikalia ukiwa umekanyaga ardhi kwa nyayo nzima, na iandike kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani, kwani wachuuzi wetu ni mahodari wa kumsifia mteja mguu asiokuwa nao.

Mwisho, simama kwa mguu wa kushoto na uuinue wa kulia kwa kuuzungusha nyuma hadi kimo cha kitanda, bila kushika kitu. Ukishindwa, au nyonga ikilia, kiti cha juu si chako hata kama mguu ni mrefu. Wanaume wengi huliona zoezi hili la kitoto, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Hatua ya tatu: Chagua aina, ndipo uchague jina

Pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150, za namna ya Bajaj Boxer na TVS HLX, ndizo zinazojaza barabara zetu, na wengi wa umri wetu huzidharau kwa kuwa zimekuwa sare ya boda boda. Dharau hiyo ina gharama. Nyingi zina uzito wa kilo 105 hadi 130 hivi, viti vyake viko karibu sentimita 80 kutoka chini, mpandaji hukaa wima bila kuinamia mikono, na hakuna mtaa kuanzia Likoni hadi Mtwapa usio na fundi anayezijua kwa kufumba macho. Kwa lita moja, ikiendeshwa kwa utulivu, ya cc 100 hupita kilomita 50 bila shida. Kati ya cc 100 na 150 ningependekeza 125 au 150 kwa anayepita njia ya matrela au anayempakia mtu mara kwa mara, na 100 kwa anayezunguka kisiwani peke yake.

Skuta huondoa klachi na giya, na hilo ni faraja kubwa kwa mwenye vidole au kifundo cha mkono kinachouma, maana kwenye foleni ya Buxton mkono wa kushoto huweza kubana klachi mara mia kabla ya kuvuka daraja. Hupandwa kwa kupitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuuzungusha nyuma, kwa hiyo mwenye nyonga mbovu na mwanamke mwenye buibui huipanda bila taabu. Kasoro yake ni magurudumu madogo, mengi yakiwa ya inchi 10 au 12, ambayo huzama katika shimo ambalo gurudumu la inchi 17 la Boxer lingelirukia. Anayeishi ndani kabisa Kisauni au Mishomoroni, ambako vumbi hugeuka tope wakati wa masika, atajuta.

Pikipiki ndefu za njia mbovu ndizo zinazotuvuta zaidi tukiwa na fedha kidogo na ndoto nyingi. Yamaha XTZ 125, kwa mfano, ina kiti cha karibu sentimita 84, na ziko ndefu kuliko hiyo. Springi zake ni laini na hupita penye matuta kama mashua penye mawimbi madogo, lakini ukisimama huna ardhi. Ipo pia njia ya kati inayodanganya kwa namna nyingine: Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina kiti cha sentimita 80 tu, hivyo mguu hufika vizuri, ila uzito wake ni karibu kilo 200. Mtu huikalia dukani akafurahi, kisha akaja kuijua siku ya kuirudisha nyuma peke yake penye mwinuko.

Za umeme hazina joto la injini pajani, hazitetemi na hazina klachi, na katika jua la kaskazi hayo si mambo madogo. Kabla ya kuinunua uliza maswali mawili: kituo cha kubadilishia betri kilicho karibu na nyumbani kiko wapi, na je, betri ni mali yako au umekodishwa. Jibu la swali la pili hubadilisha hesabu yote.

Kuhusu breki, tafuta yenye diski mbele. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, kwa kuwa uzito mwingi hutupwa mbele unapofunga, na diski hudai nguvu ndogo ya vidole kuliko ngoma. India ilizifanya breki zilizounganishwa, yaani za mbele na nyuma zikifunga pamoja, kuwa za lazima kwa pikipiki za hadi cc 125, na breki zisizokaba gurudumu, yaani ABS, kwa zilizozidi hapo, kuanzia Aprili 2019. Sheria hiyo ni ya soko lake la ndani, kwa hivyo usidhani pikipiki ya Kihindi iliyoshushwa Mombasa inazo. Muulize muuzaji na utazame kwa macho yako. Zile za soko la kwao huja pia na kinga ya sari, ule waya wa kuzuia nguo isiingie katika spoki za nyuma. Kwa sisi wa kanzu ya Ijumaa, buibui na leso, kinga hiyo, au mfuniko kamili wa cheni, ni kitu cha kudaiwa. Usikubali ikitolewa ili keria ipate nafasi.

Hatua ya nne: Ijaribu ikiwa imesimama

Nieleze kwanza kilichonifikisha hapa. Pikipiki yangu ya kwanza ya makamo ilikuwa ndefu. Asubuhi moja nilikuwa nikishuka kuingia kwenye feri upande wa Likoni, maji yamekupwa, na kila anayevuka hapo anajua kwamba maji yakipwa mteremko huwa mkali na sehemu yake ya chini, iliyokuwa ndani ya maji saa chache kabla, huwa imelowa na kuota kijani chenye utelezi. Tuktuk iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla. Nikafunga breki, nikatafuta ardhi kwa mguu wa kulia, nikaipata kwa ncha ya kidole, na ncha hiyo ikateleza. Pikipiki ilikuwa haiendi hata mwendo wa mtu anayetembea, na bado ilinilalia. Mahamali wawili waliweka mizigo yao chini wakaniinulia, na mmoja akaniambia kwa upole mkubwa, "Ami, hii ni ya watu warefu." Goti lilinichukua wiki sita.

Kwa hiyo, dukani, kabla ya kuuliza bei, ikalie ukiwa umevaa viatu vyako vya safari. Nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu, na magoti yakunjike kidogo. Ukilazimika kuinamisha pikipiki upande mmoja ili mguu ufike, hiyo si yako, na maneno ya muuzaji kwamba springi zitashuka zikizoea yasikushawishi.

Ukiwa umeketi, iinue kutoka kwenye stendi ya pembeni kwa paja na mikono, kisha iegemeze tena, mara kumi. Shuka, shika usukani, uisukume mbele hatua kumi na uirudishe nyuma hatua kumi huku ukiipinda, kama unayeitoa katikati ya pikipiki nyingine mbili mbele ya Soko la Kongowea. Ipandishe juu ya stendi kubwa: kanyaga mguu wa stendi kwa uzito wako wote, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha nyuma, na uiache stendi ifanye kazi. Ikidai uivute kwa kiuno, pumzika na ujaribu mara moja zaidi. Ikikataa tena, waachie wenyewe. Mambo haya yote yatajirudia kila siku, na hakuna litakalofanywa na injini.

Kisha kaa juu yake dakika kumi bila kufanya lolote. Watu watakucheka, waache. Dakika ya saba au ya nane ndiyo kifundo cha mkono hueleza kama usukani uko mbali mno, na mgongo wa chini hueleza kama kiti kinakutelezesha mbele kuelekea tangi. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama unagusa goti. Ikiwa utakuwa ukimpakia mwenzako, nenda naye, naye apande na kushuka mara tatu, kwa sababu uzito wa mtu mzima anayepanda upande mmoja ndio unaowaangusha wanandoa wengi kabla hata ya safari kuanza. Mke wangu aliikataa pikipiki ya pili niliyoipenda kwa sababu vikanyagio vya nyuma vilikuwa juu mno, na alikuwa na haki.

Hatua ya tano: Kumbuka chumvi

Nairobi mtu anaweza kuchagua pikipiki bila kufikiria hewa. Mombasa hewa yenyewe hula chuma, na hula upesi zaidi kwa anayeishi Nyali, Shanzu au popote penye kuona bahari dirishani. Kinachoanza kuoza ni spoki na vichwa vyake, kisha bomba la moshi chini karibu na injini, bolti, sehemu ya fremu iliyo chini ya betri, na viungo vya nyaya za umeme ambavyo huota unga wa kijani. Kwa sababu hiyo ningechagua rimu za aloi kuliko za spoki kwa mtu wa barabara ya lami, na rangi iliyopakwa kuliko nikeli inayong'aa, kwani nikeli ikishaanza kububujika haina dawa.

Kuosha nako kuna mtego wa hapa kwetu. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari huyatumia hayo hayo, hivyo unalipia pikipiki yako ipakwe chumvi upya. Nunua mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni, uisuuze kwa hayo mara moja kwa wiki, uipanguse, na uipake cheni mafuta siku hiyo hiyo. Ukiwa dukani, chungulia pikipiki zilizokaa muda mrefu kwenye kibaraza: iliyopigwa na hewa ya bahari miezi sita huweza kuuzwa kama mpya ilhali bolti zake zimeshabadilika rangi. Tazama pia ubavuni mwa tairi kwenye tarakimu nne zilizo ndani ya umbo la yai; mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Hatua ya sita: Mpya au ya mkononi

Kwa anayerudi barabarani baada ya miaka mingi, mpya ya bei ya chini hushinda ya mkononi ya daraja la juu, na nasema hivyo nikijua kwamba si kila mtu ana fedha hizo. Pikipiki nyingi za mkononi hapa zimepitia boda boda, zikabeba abiria wawili na gunia, na mita yake ya kilomita ilikufa zamani. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, hivyo usitegemee muuzaji akuhesabie yaliyopita.

Ukienda kuitazama, nenda asubuhi na uiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa ili iwake vizuri mbele yako, basi ahirisha urudi siku nyingine. Ikiwashwa ya baridi na kutoa moshi wa buluu usiokoma, inakunywa oili. Iweke juu ya stendi kubwa, mtu aikalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha uzungushe usukani polepole: ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia, na likicheza, bushi za mkono wa nyuma, ule mhimili unaoshika gurudumu, au beringi zinadai fedha. Pitisha kidole kwenye mirija ya shokapu za mbele uone kama kuna oili. Chunguza fremu chini ya kiti na penye keria utafute alama za kuchomelea. Mwisho simama nyuma yake hatua tano na utazame kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja, kwa kuwa fremu iliyopinda hairudi hata ikipakwa rangi mara tatu.

Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizo katika kitabu cha umiliki, ambacho sote tunakiita logibuku. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo na mkopeshaji huandikwa pamoja na mwenye nayo, kwa hiyo tafuta kwanza nakala ya rekodi zake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na usimalize kulipa kabla uhamisho haujaanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya eCitizen ukauona wewe katika yako.

Hatua ya saba: Leseni, bima na sheria

Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki. Unahitaji daraja A: A1 ni ya vipikipiki vya hadi cc 50, A2 ni ya pikipiki za kawaida, na A3 ni ya boda boda, wapeleka mizigo na tuktuk, kwa hiyo mpandaji wa makamo huomba A2. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima. Sheria ya barabara huruhusu abiria mmoja tu, na humtaka mpandaji na abiria wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi la rifleketa.

Hatua ya nane: Tenga fedha za mavazi kabla ya kuamua bei

Chukua fedha zote ulizonazo, utoe kwanza sehemu moja kwa tano, na zinazobaki ndizo uzichagulie pikipiki. Hiyo moja ya tano ni ya kofia mbili, glavu, jaketi na viatu vinavyofunika kifundo. Kofia inayofunika uso mzima ibane mashavu kiasi kwamba ukitikisa kichwa ngozi ya uso ifuatane nayo; ijaribu ukiwa na miwani yako, kwa kuwa nyingine huikunja mikono ya miwani na kukuumiza kichwa baada ya nusu saa. Kioo chake kiwe cheupe, maana cheusi ni hatari saa kumi na mbili jioni. Kofia yetu ya viua ikae mfukoni hadi ufike, kwani ikivaliwa ndani huifanya ngumu iteleze. Kofia iliyowahi kuanguka na mtu haifai tena, hata kama haionyeshi ufa, na kwa sababu hiyo usinunue ya mkononi.

Jaketi liwe la kitambaa chenye matundu na pedi za viwiko na mabega. La ngozi hupendeza pichani, lakini kwenye foleni ya Makupa saa saba mchana litakuzimisha.

Hatua ya tisa: Mwezi wa kwanza

Jifunze upya kwa mwalimu, hata kama uliwahi kupanda, kwa sababu mkono hukumbuka mambo ya zamani pamoja na makosa yake. Mwombe muda mwingi wa mwendo wa polepole: kugeuka mahali padogo, kusimama na kuondoka penye mwinuko, kufunga breki ya mbele kwa kubana hatua kwa hatua bila kuinyakua. Wiki mbili za kwanza usimpakie mtu na usitoke usiku. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, kwepa ile saa moja kabla ya adhana ya magharibi, ambapo sukari ya mwili imeshuka na mji mzima unakimbilia futari.

Peleka pikipiki mpya kwa huduma ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750, ukiwa hapo hapo uone fundi akibadilisha oili, akikaza bolti na kurekebisha cheni, ambayo inapaswa kuwa na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati yake.

Likoni iache hadi mwisho wa mwezi. Chagua asubuhi ya Jumapili, utazame jedwali la maji usiku wake, na uvuke saa ambayo maji yamejaa, mteremko ukiwa mfupi na mkavu. Acha nafasi ya gari zima mbele yako, shuka kwa giya ya kwanza, na nyayo zote mbili ziwe tayari kugusa chini.